Picha za Saa Moja Asubuhi

Nilifundisha kwa miaka 38, na kati ya hiyo, miaka 24 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi. Mtu wa kazi hiyo akistaafu, barua humwondoa shuleni lakini haimwondolei kengele kichwani. Mpaka leo naamka saa kumi na mbili kasorobo bila kuamshwa, na ikifika saa moja kamili mikono yangu hutafuta kitu cha kupanga. Zamani nilipanga foleni za wanafunzi mbele ya bendera. Sasa napanga vifaranga, miche ya migomba na, tangu mwaka 2023, picha zilizomo ndani ya kompyuta. Ni habari ya hizo picha ninayotaka kumsimulia msomaji. Ni habari ndogo, lakini ilinifikisha mahali ambapo sikutarajia kufika.

Kompyuta yenyewe niliachiwa na mjukuu wangu aliyekuwa akisoma Dar es Salaam. Ilikuwa imechoka, ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai na kurudi kabla haijawa tayari. Mjukuu akafuta yote yaliyokuwemo, akaiwekea mfumo wa Linux, nayo ikawa nyepesi kama punda aliyeshushwa mzigo. Nikamwuliza mfumo huo ni mali ya nani. Akanieleza kwamba mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, jina lake Linus Torvalds, aliandika kiini chake akakitoa hadharani, na tangu siku hizo watu wengi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiongeza na kurekebisha, kila mmoja akiruhusiwa kutazama kazi ya mwenzake. Aina niliyowekewa mimi inaitwa Ubuntu, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2004. Jina hilo ni la ndugu zetu wa lugha za kusini mwa Afrika, wala Mswahili hahitaji kamusi kulielewa: ubuntu ni utu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Nikajiambia, basi na mimi mzee sitakuwa mgeni sana humu.

Sasa nije kwenye picha. Nina sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda tangu nilipooa. Ndani yake mlikuwa na picha za nusu karne: wazazi wangu, harusi yetu, watoto wakiwa uchi juu ya mkeka, mahafali ya chuo cha ualimu, na hasa picha za wanafunzi wa darasa la saba, kwa kuwa kila mwaka mpiga picha alikuwa akija kutoka mjini kuwapiga kabla hawajatawanyika. Mchwa walikwisha kuonja pembe za sanduku. Mjukuu akakaa siku mbili barazani akizinakili zote, moja moja, akaziingiza ndani ya kompyuta. Zilifika 214. Nilizihesabu mwenyewe, mara mbili, kwa mazoea ya kuhesabu madaftari.

Katika kompyuta kuna ile picha inayotanda kioo kizima kabla hujafungua kazi yoyote. Unaweza kuweka ua, mlima, au chochote upendacho. Mimi nikawa kila asubuhi naweka mojawapo ya picha za sandukuni. Baada ya miezi miwili hivi niligundua jambo. Nilikuwa na picha 214, lakini kwa kweli nilikuwa nikiweka nne tu: marehemu mke wangu akicheka mlangoni pa jiko, siku ya mahafali yangu, kitinda mimba wetu akiwa na sare ya kwanza, na siku nilipokabidhiwa ofisi ya mwalimu mkuu. Nikichoka na hii naweka ile, kisha narudi palepale. Zilizobaki 210 zilikuwa zimehama kutoka kwenye giza la sanduku na kuingia kwenye giza jingine.

Nikaona dawa yake ni kuiachia mashine kazi ya kuchagua. Mjukuu aliniambia kwa simu kwamba zipo programu zilizokwisha kutengenezwa za kubadilisha picha, kama ile iitwayo Variety, akataka kuniwekea. Nikakataa. Nilimwomba anifundishe kuiamuru mashine kwa mkono wangu, kwa sababu mtu aliyefundisha maisha yake yote huona haya kupewa jibu bila kuonyeshwa njia.

Njia yenyewe si ndefu. Unaandika faili dogo lenye mistari michache ya amri. Mstari wa kwanza unasema: tazama ndani ya folda ya picha, uorodheshe zilizomo. Wa pili unatumia programu ndogo iitwayo shuf, ambayo kazi yake ni kuchanganya mistari kama mtu anayechanganya karata, kisha inatoa mmoja. Wa tatu unaiambia kompyuta: picha iliyotoka ndiyo itande kwenye kioo. Niliandika kwa vidole viwili, nikakosea alama za kufunga na kufungua, nikarekebisha. Nilipobonyeza, kioo kikageuka. Pale palipokuwa na mke wangu pakatokea mbuzi wa baba mkwe, wa mwaka 1979, amesimama juu ya gogo. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia.

Lakini hiyo ilikuwa bado ni kazi ya mkono. Nilitaka iwe kengele: isigongwe na mimi, igonge yenyewe, saa moja kamili kila asubuhi, saa ileile ambayo shule zangu zote zilikuwa zikianza. Hapo ndipo nilipojulishwa kwa mtumishi aitwaye cron. Jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Alikuwapo katika mfumo wa Unix tangu miaka ya 1970, na yule anayetumika ndani ya Ubuntu ametokana na kazi aliyoiandika Mmarekani Paul Vixie mwaka 1987. Cron hafanyi kitu kingine ila kuamka kila dakika, kutazama jedwali lake, na kuuliza: je, kuna kazi iliyoandikiwa dakika hii? Ikiwapo anaifanya. Isipokuwapo analala tena.

Kila mstari wa jedwali hilo unaanza na nafasi tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya juma. Nyota maana yake ni "kila". Nami, kwa uhakika wa mtu aliyefundisha kusoma saa kwa miaka 38, nikaandika:

0 1 * * *

Yaani dakika sifuri, saa moja, kila siku. Asubuhi yake nikaketi mapema na kikombe changu. Saa moja ikafika, ikapita. Mbuzi alikuwa bado juu ya gogo. Nikampigia mjukuu. Akanisikiliza, kisha akacheka kwa adabu. "Babu," akasema, "hiyo saa moja uliyoandika ni saa saba ya usiku."

Naam. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kwa hiyo baada ya saa nzima ya mwanga ndipo tunasema saa moja. Mashine inaanza kuhesabu usiku wa manane, wakati hakuna anayeona kitu. Ilikuwa imepangiwa kuamka saa saba ya usiku, na usiku huo mimi nilikwisha kuizima, nayo cron kazi iliyompita hairudii. Siku za juma nazo zina kisa chao. Kwetu Jumamosi ndiyo ya kwanza, na jina lenyewe linasema. Jumatatu ni ya tatu. Katika jedwali la cron, Jumapili ni sifuri na Jumatatu ni moja. Hakuna aliyekosea. Kila watu huanza kuhesabu kwenye mlango wa nyumba yao, na mgeni asiyeuliza mlango uko wapi ataingilia dirishani. Nikafuta moja, nikaandika saba.

Kesho yake saa moja ikafika tena, na mbuzi akakaa palepale. Safari hii kosa lilikuwa jingine. Mjukuu alinieleza kwamba cron ni kama mlinzi wa zamu anayezunguka nje ya nyumba. Ukimwagiza kazi ya uani ataifanya, lakini hajui ndani kuna nani aliyeketi mbele ya kioo kipi. Mimi nilipobonyeza kwa mkono nilikuwa ndani, kwa hiyo amri ilifika. Cron alipoifanya, ilikuwa nje ya kikao changu, ikaangukia hewani. Ikabidi tuongeze mstari mmoja mrefu, wenye anwani ya njia ambayo kwayo amri hufika ndani ya kikao cha mtumiaji. Nikaunakili herufi kwa herufi.

Siku ya tatu, msomaji ataamini? Mbuzi. Mjukuu akanitumia amri ya kuuliza picha iliyowekwa ni ipi. Kompyuta ikajibu kwa utiifu kamili kwamba imekwisha kubadilisha. Kumbe kwa ajili ya macho yangu nilikuwa natumia mwonekano wa giza, na katika Ubuntu ya mwaka 2022 niliyokuwa nayo kuna nafasi mbili za picha: moja ya mwonekano wa mwanga na nyingine ya mwonekano wa giza. Amri yangu ilikuwa ikibadilisha ile ya mwanga, ambayo mimi siioni. Kazi ilikuwa imefanyika, taarifa ni safi, na mbele ya macho yangu hakuna kilichobadilika. Nimewahi kuandika taarifa za shule za namna hiyo.

Tukaongeza mstari wa nafasi ya pili, na siku ya nne, saa moja kamili, mbuzi akaondoka. Alikuja mama yangu mzazi akipepeta mchele. Baadaye, kwa sababu ya umeme unaokatika, tulimpumzisha cron tukatumia saa ya mfumo mwingine uitwao systemd. Ubora wake kwangu ni kwamba ikipitwa na wakati mashine ikiwa imezimwa, unaweza kuiagiza ilipe deni mara utakapoingia.

Ningeweza kuishia hapo nikiwa nimeridhika. Lakini baada ya wiki tatu mbuzi alikwisha kurudi mara mbili, na watu wengine wengi hawajatokea kabisa. Mwalimu wa hisabati hawezi kuacha jambo kama hilo. Nikachukua karatasi. Ikiwa kila asubuhi unachanganya picha zote 214 na kuchukua moja, kisha kesho unazichanganya zote upya, ile ya jana ikiwemo, basi baada ya siku 214 utarajie kwamba picha kama 79 hazijaonekana hata mara moja. Ndiyo tabia ya bahati nasibu. Haimchukii mtu, lakini haimkumbuki mtu pia.

Mwalimu hawezi kuita majina kwa bahati nasibu. Ndiyo maana kuna rejista. Nikaandika faili langu upya. Safari hii shuf inachanganya picha zote mara moja tu na kuandika orodha. Kila asubuhi amri inachukua mstari wa juu, inaweka picha hiyo, na kuufuta mstari. Orodha ikiisha, ndipo inachanganya upya. Kwa mpango huu mpangilio unabaki siri, lakini hakuna anayerukwa. Ndani ya siku 214 kila mmoja ataitwa. Niliona fahari kwa kazi hiyo kuliko kwa baadhi ya majengo niliyosimamia.

Zikaja asubuhi nzuri. Nilimwona mwenzangu wa chuo cha ualimu ambaye nilikwisha kusahau sura yake, tukiwa tumevaa suruali pana za wakati ule. Nilimwona baba yangu akiwa kijana kuliko mwanangu wa mwisho. Chai yangu ikawa inapoa.

Siku ya 41 ya orodha mpya ilikuja picha ya darasa la saba la mwaka 1987.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili katika kiti cha mwalimu mkuu. Picha ilipigwa katikati ya mwaka, mbele ya ofisi. Wanafunzi wamepanga mistari mitatu. Mstari wa pili, wa kwanza kutoka kulia, amesimama msichana ambaye mkononi ana kipande cha chuma. Ni chuma cha kengele. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, naye ndiye aliyekuwa akiigonga. Nilimpa kazi hiyo kwa sababu hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na saa yangu ya mkononi nilikuwa nikimwachia. Siku ya picha alikuwa ametoka kugonga, akakimbilia mstarini bila kukiweka chuma chini.

Wiki chache kabla ya mtihani wa kumaliza shule alionekana ana mimba. Utaratibu uliokuwapo haukuwa na kona: msichana akigundulika ana mimba, masomo yake yamekwisha. Barua yenyewe ilikuwa na nakala iliyokwisha kuandaliwa. Kazi yangu ilikuwa kujaza nafasi tatu, yaani jina, darasa na tarehe, kisha sahihi na mhuri. Nilijaza. Katika rejista nikapiga mstari kwa wino mwekundu juu ya jina lake, kwa rula. Baba yake alikuja kumchukua. Mimi nilibaki mezani nikiandika kitu. Sikumbuki ni nini, na nina hakika hakikuwa cha haraka. Aliyempa mimba hakuulizwa na mtu, wala jina lake halikuandikwa popote. Siku iliyofuata nikamkabidhi saa yangu mwanafunzi mwingine, na saa moja kamili kengele ikalia kama kawaida.

Sasa alikuwa mbele yangu, upana wa kioo kizima, na chuma chake mkononi.

Nitasema ukweli wa nilichofanya. Nilifungua folda, nikalihamisha faili la picha hiyo mahali pengine, nikaweka kwa mkono ile ya mke wangu akicheka. Ilichukua chini ya dakika moja. Nikaenda kulisha vifaranga. Huko bandani ndipo nilipoona nilichokuwa nimekifanya: kwa mara ya pili nilikuwa nimemtoa mtoto yuleyule kwenye orodha, safari hii pasipo hata kanuni ya kunisingizia. Niliiandika amri mwenyewe kwamba asirukwe mtu. Alipofika wa kwanza aliyeniuma, nilimruka.

Nimefikiri sana juu ya yule cron. Anafanya lililoandikwa, kwa dakika iliyoandikwa, awe mwenye nyumba yupo au hayupo, kioo kiwe kimegeuka au hakikugeuka. Kwa mashine hiyo ni sifa njema; ndiyo sababu tunampa kazi. Lakini mimi mwaka 1987 nilikuwa nimekaa katika nafasi yake. Kanuni ilisema, nami nikajaza nafasi tatu. Najua wako watakaoniambia kwamba nisingefanya hivyo ningefukuzwa kazi. Huenda. Walimu wenzangu wengi walifanya hivyohivyo, na mwezi Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ajili ya ujauzito waruhusiwe kurudi shuleni. Siku ile nilisikiliza redio nikasema "vyema", kama mtu ambaye habari hiyo haimhusu. Kanuni sikuitunga mimi, wala sikuwa na uwezo wa kuifuta. Ila hakuna kanuni iliyonikataza kumwita ofisini, kumkalisha, kumwuliza habari zake na kumtazama usoni. Hilo nililiacha kwa hiari yangu. Mashine haina macho. Mimi nilikuwa nayo.

Nikairudisha picha kwenye folda. Kisha nikaanza kuulizia. Mmoja wa waliosimama mstari wa nyuma siku ile ni mfanyabiashara wa mbao hapa mjini, naye alimfahamu. Yuko hai, akasema. Ana duka dogo la vitambaa katika mji mwingine, na wajukuu. Akanipa namba. Namba hiyo ilikaa mfukoni mwa shati langu siku tisa.

Nilipopiga nilijitambulisha. Pakawa kimya kidogo, kisha ikaja sauti ya mtu mzima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," nikajibu, na neno la pili likanikwama.

Nilimwambia nilichokusudia kumwambia. Nilikuwa nimekiandika kwenye karatasi ili nisikiuke, kama nilivyokuwa nikiandika hotuba za mahafali, lakini nilisoma nusu tu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Barua niliielewa, mwalimu. Hata nyumbani waliielewa. Ila siku ile hukuniangalia."

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta. Baada ya kitambo akaniuliza nimemkumbukaje. Nikamweleza habari ya picha, ya mashine inayozibadilisha saa moja asubuhi, na kwamba orodha ilikuwa imefika kwake. Nadhani mambo ya orodha hayakumwingia. Aliuliza, "Nimesimama wapi?"

"Mstari wa pili, wa kwanza kutoka kulia. Una chuma cha kengele mkononi."

Akacheka. Sikutegemea kucheka. "Mimi picha ya shule sina hata moja," akasema. "Niliondoka kabla hazijagawiwa. Nisafishie moja, mwalimu. Sitaki ya kwenye simu. Nataka ya karatasi, ya kuweka ukutani."

Nilikwenda studio siku hiyohiyo. Kijana wa studio aliuliza kama nataka kumkata yeye peke yake na kumkuza. Nikamwambia hapana, atoke na darasa lake lote. Nikaifunga kati ya maboksi mawili, nikaituma kwa basi la asubuhi. Jioni alinipigia kunijulisha kwamba imefika. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Aliniambia amewaonyesha wajukuu, nao wamebishana kama kweli yule ni bibi yao.

Saa ile inaendelea kufanya kazi. Orodha ya kwanza ilikwisha, ya pili ikachanganywa, na sasa niko katika nyingine. Picha ya mwaka 1987 imo ndani, na sijui itatoka lini. Huo ndio mpango nilioutaka mwenyewe. Nimebadilisha jambo moja tu, nalo si ndani ya kompyuta. Zamani nilikuwa nikiketi na chai yangu, nikiitupia picha jicho kisha nafungua kazi nyingine. Siku hizi saa moja ikigonga naweka kikombe chini kwanza. Naanza mstari wa mbele, kushoto kwenda kulia, kisha wa pili, kisha wa nyuma, na wale ambao majina yao bado ninayo nayataja.